Nyumba ya kikundi cha taarab ina faida gani kwa jirani asiyeimba?

Katibu wa Kikundi (Unguja)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha taarab asilia katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Kwa miaka mingi tumekuwa tukikutana katika nyumba ya marehemu mlezi wetu, aliyetupa sebule na ua tufanyie mazoezi bila ya kututoza kodi, na humo ndimo tulimohifadhi kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), fidla, akodioni, madaftari ya mashairi yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, pamoja na kanda za kaseti ambazo nyingine zimeshaota ukungu.

Sasa warithi wamepata mpangaji anayetaka kuigeuza nyumba yote kuwa maduka. Hawakutufukuza. Walituita kwa heshima wakatuambia kwamba wako tayari kutuachia chumba kimoja na ua kwa kodi nafuu, ila wanataka kwanza mkutano wa wakaazi, utakaoitishwa na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo letu, uridhie kwamba kuwepo kwetu kunaufaa mtaa mzima na si wanachama peke yao, kwa kuwa unafuu huo wa kodi ni hasara watakayoibeba wao na watoto wao. Kwa maoni yangu hilo ni sharti la haki.

Tatizo ni kwamba tulipokaa kuandika hoja zetu tulijikuta tunarudia maneno mawili, utamaduni na utalii, kisha kalamu ikakwama. Mama mmoja anayeuza maandazi mbele ya nyumba hiyo alituuliza waziwazi: "Huo utamaduni wenu unanifaa nini mimi, na mtalii gani amewahi kufika uchochoroni huku?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Ninaomba wenye uzoefu wanieleze ni kwa njia gani nyumba za sanaa za namna hii zimeonekana kuwa na thamani kwa majirani wasiokuwa wasanii, na kama inafaa kuujenga utetezi wetu juu ya utalii.

---

Mwalimu Mstaafu

Waalaykum salaam, Bwana Katibu. Mimi ningeanza na mama wa maandazi, kwa sababu swali lake ndilo litakaloulizwa mkutanoni, na akiridhika yeye wengine hawatakuwa wagumu.

Kumbukeni kwanza mtaa wenu una nafasi gani katika historia ya muziki huu. Taarab iliingia Unguja kupitia kasri. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri kijana aitwaye Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, na mwaka 1905 wakaazi wa mjini wakaanzisha Nadi Ikhwan Safaa, kikundi ambacho kingali hai. Katika miaka hiyo nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, na msikilizaji alikuwa mtu wa daraja la juu. Aliyeubadilisha mwelekeo huo ni Siti binti Saad, mtoto wa wafinyanzi wa Fumba, aliyekuwa akitembeza vyungu mjini kabla ya kutambuliwa kwa sauti yake. Yeye na wenzake waliimba kwa Kiswahili, wakaingiza katika nyimbo habari za mahakama, za wanawake waliodhulumiwa na za wakubwa waliokula mali ya watu, na mwaka 1928 wakasafiri hadi Bombay kurekodi santuri zilizosikilizwa katika pwani nzima. Mambo hayo hayakupikwa katika kumbi za serikali. Yalipikwa katika vyumba vya Ng'ambo, watu wakikusanyika usiku kusikiliza, kusahihishana na kubishana juu ya beti. Kwa hiyo mtaa wenu hauombwi kuhifadhi kitu kilicholetwa na wengine, kwani sehemu kubwa ya taarab tunayoijua leo ni kazi ya mitaa ya namna hiyo.

Hata hivyo historia peke yake haitamlipia mtu kodi, na mama yule ana haki ya kuuliza kuhusu leo. Hapa nakushauri uandike yale ambayo kikundi kinayafanya lakini hakiyahesabu. Vikundi vyetu vya taarab, kama vilivyokuwa vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya bibi zetu, tangu zamani vimekuwa pia vyama vya kuzikana na kuchangiana harusi. Mwanachama akifiwa, wenzake ndio wanaopanga viti, wanaochanga sanda na wanaokesha na wafiwa. Je, mmewahi kumpigia jirani asiyekuwa na uwezo harusi ya mtoto wake kwa nauli tu? Viti na turubai lenu huazimwa na nani? Watoto wangapi wa mtaa huo hushinda uani jioni wakijifunza kushika dumbak (ngoma ya mkono) na rika (tari), na wangapi kati yao baadaye walilipwa kwa kupiga? Fungueni daftari, mwandike ya mwaka mmoja uliopita kwa majina na tarehe, mlipeleke mkutanoni likiwa hivyo lilivyo. Majirani wakisikia majina ya watoto wao wenyewe yakisomwa, mjadala utakuwa mwingine kabisa.

Jambo moja nakutahadharisha. Msiseme kwamba taarab inawaepusha vijana na dawa za kulevya, au kwamba inaleta amani mtaani, isipokuwa kama mna kijana mnayeweza kumtaja kwa ridhaa yake na ya wazee wake. Kila anayeomba msaada siku hizi husema hivyo, na masikio ya watu yamechoka. Semeni mnachokijua: kuna mlango ulio wazi kila jioni, wenye watu wazima ndani yake wanaomfundisha mtoto kitu kigumu kwa uvumilivu na bila ya malipo.

---

Mkaazi wa Bagamoyo

Salamu kutoka upande wa pili wa bahari. Ninaunga mkono aliyoyasema Mwalimu, nami nitaongeza upande wa riziki, maana mama wa maandazi ni mfanyabiashara na lugha hiyo ataielewa.

Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa kwetu mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au TaSUBa. Wageni wengi wanakijua kwa sababu ya tamasha lake la kila mwaka, lakini sisi tunaoishi hapa tunajua kwamba tamasha ni siku chache tu. Kinachowafaa watu wa mji ni wanafunzi wanaopanga vyumba na kula kwa mama lishe muhula hadi muhula, ni mafundi wanaowamba ngoma na kuchonga marimba kwa sababu kuna wanunuzi wasiokwisha, na ni wasanii wanaobaki baada ya kumaliza masomo na kuanzisha vikundi vyao. Marehemu mzee Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma. Aliletwa pwani kwa ajili ya zeze na ilimba yake (ala ya kupigwa kwa vidole gumba), akaweka makaazi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, na ukoo wake umeendelea kupiga na kuimba muziki huo. Hakuna mpango wa utalii uliowahi kuandikwa kwa lengo la kupata ukoo wa namna hiyo. Ulipatikana kwa sababu palikuwa na mahali pa kufundishia, siku zote.

Mwaka 2002 ukumbi wa chuo uliungua moto. Kazi haikusimama, kwa sababu walimu walikuwepo na miti ya kivuli ilikuwepo. Nalitaja hili ili mjue kitu cha kukisisitiza: msiombe nyumba kwa ajili ya nyumba, ombeni saa za kufundishia na mahali pa kuwekea vyombo. Mkiyapata hayo, hata chumba kidogo na ua vinatosha.

---

Bint Mkunazini

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma kwa makini na ninakubaliana na mengi, lakini kuna mambo ambayo naona yameachwa.

Kuhusu utalii, jibu langu ni hapana, msiujenge utetezi wenu juu yake. Sauti za Busara ni tamasha kubwa, limekuwa likifanyika Ngome Kongwe tangu mwaka 2004 na limewafungulia njia wanamuziki wengi, lakini mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kilichowafundisha vijana wetu kanuni, udi na fidla kwa mpango maalumu, mwaka 2019 kilitangaza kwamba huenda kikafunga milango kwa sababu misaada ya wafadhili imepungua. Ikiwa taasisi zenye majina ya kujulikana duniani zinatetereka hivyo, kikundi cha uchochoroni kitashikilia nini? Na kutambuliwa peke yake hakulindi kitu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo kila mtu alikuwa akilisifu, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020.

Jambo la pili litawauma, lakini nitalisema. Bwana Katibu ametaja kanuni, madaftari na marehemu mlezi, na sikuona mwanamke hata mmoja isipokuwa muuza maandazi. Wanawake wa mtaa huo wako wapi katika kikundi hiki? Je, wanaruhusiwa kukaa katika sebule hiyo na kujifunza ala, au wanaitwa kuitikia kibwagizo siku ya harusi tu? Mwalimu amemtaja Siti kwa fahari. Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013, aliimba taarab na pia alikuwa mwalimu wa unyago, yaani kazi yake ya sanaa na kazi yake ya kuwalea wasichana wa jamii hazikutenganishwa. Nyumba ambayo nusu ya mtaa haiingii haiwezi kwenda mbele ya sheha ikadai kwamba ni ya mtaa mzima. Kabla ya mkutano, tengeni siku mbili katika wiki kwa ajili ya wanawake na wasichana, na mtafuteni mwanamke wa kuwafundisha. Wapo wanaojua fidla na kanuni vizuri sana.

Mwisho, zungumzeni na majirani kuhusu sauti. Wagonjwa wapo, watoto wenye mitihani wapo, na wengine hawapendi kusikia muziki karibu na nyakati za sala. Kama mtaandika wenyewe saa za mazoezi, na mkasema kwamba vipaza sauti havitawashwa uani, mtaondoa nusu ya upinzani. Na hayo maduka msiyapige vita. Maduka mbele, mazoezi nyuma jioni baada ya maduka kufungwa: warithi watapata kodi yao, nanyi mtakuwa na jirani mwenye sababu ya kuwapenda.

---

Katibu wa Kikundi (Unguja)

Nawashukuru nyote. Dada, maneno yako yameingia. Tuna waimbaji wanawake wanne, lakini ni kweli kwamba hakuna hata mmoja aliyefundishwa ala, na sina sababu ya maana ya kukupa. Nitalipeleka suala hilo kwa wenzangu kabla ya jambo jingine lolote.

Nina swali dogo lililobaki. Baadhi ya wanachama wanataka madaftari na kaseti zitolewe nakala ili tuonyeshe mkutanoni kwamba tuna hazina, lakini wazee wengine wanahofia kwamba zikishatoka mikononi mwetu watu watazitia katika simu na kuzirekodi upya bila ya kutaja watunzi. Tufanye nini?

---

Mhifadhi

Bwana Katibu, wazee wako wana hoja. Shairi lina mwenyewe, na akishafariki lina warithi. Kikundi kuwa na daftari hakukipi haki ya kugawa kilichomo. Andikeni orodha tu ya kupeleka mkutanoni: jina la wimbo, mtunzi wa shairi, mtia muziki, mwimbaji wa kwanza, na mwaka kama unajulikana. Orodha hiyo inaonyesha utajiri wenu bila ya kuutoa nje. Baada ya hapo nendeni kwa watunzi walio hai na kwa warithi wa waliofariki, mpate ridhaa ya maandishi, kisha muulize katika ofisi ya hakimiliki namna ya kusajili kazi hizo.

Kuhusu vitu vyenyewe, kaseti zenye ukungu msizitie kabisa katika redio ya kawaida kwa hamu ya kusikiliza, kwani utepe unaweza kukatika na ukungu utahamia katika kaseti nyingine zitakazopigwa humo. Zitengeni mahali pakavu mbali na zile nzima mpaka apatikane fundi. Madaftari yapigwe picha kurasa moja moja mahali penye mwanga wa mchana lakini pasipo na jua kali, bila ya kuyabana ili yalale. Nakala moja ya picha ikae kwa katibu, nyingine kwa mwanachama wa mtaa mwingine, na mkiridhiana, Nyaraka za Taifa pale Kilimani ni mahali pa kuulizia ushauri wa kuhifadhi nakala ya tatu.

Anzeni na yale madaftari ambayo anayeweza kuusoma mwandiko wake amebaki mzee mmoja tu. Akae na kijana mmoja, na msichana mmoja kama Bint Mkunazini alivyoshauri, asome kwa sauti huku wao wakiandika, na pale penye neno lisilojulikana siku hizi waandike pembeni maana anayoitoa yeye. Kaseti zitafuata.