Carl Sagan: mwanasayansi kweli au mtangazaji tu?

Mwalimu_Fizikia
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari na ndiye mlezi wa klabu ya sayansi. Ijumaa nataka kuwasimulia vijana habari za Carl Sagan, yule Mmarekani wa Cosmos, kipindi cha televisheni cha mwaka 1980. Mwenzangu wa kemia ananishauri nitafute mtu mwingine: eti Sagan alijua kuongea mbele ya kamera, lakini kwenye sayansi yenyewe hakuacha kitu. Sikubaliani naye, ila hoja za kumjibu sina. Nisaidieni.

Mtazama_Anga
Mwalimu, anza na Zuhura.

Miaka ya 1950 darubini za redio zilinasa mawimbi makali kutoka sayari ile, na wataalamu wakabishana yanatoka wapi. Wengine walisema ni tabaka la juu la hewa, kwa hiyo chini kunaweza kuwa na ubaridi, pengine hata bahari. Sagan, kwenye utafiti wake wa shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1960, alipiga hesabu akasema hapana, ni ardhi yenyewe inayowaka: hewa ya kabonidayoksaidi inaruhusu mwanga wa jua uingie, kisha inazuia joto lisitoke. Desemba 1962 chombo cha anga cha Mariner 2 kikapita karibu na Zuhura. Kama mawimbi yangetoka juu, ukingo wa sayari ungeng'aa kuliko katikati. Vipimo vikaonyesha kinyume chake. Leo tunajua joto la huko ni kama nyuzi 460 za Selsiasi, hata madini ya risasi yanayeyuka.

Halafu Mirihi. Kwa muda mrefu watu waliona madoa meusi yakibadilika kufuata majira, na wapo walioamini ni mimea. Sagan na James Pollack wakasema ni vumbi linalopeperushwa na upepo, na picha za Mariner 9, iliyofika huko mwaka 1971, zikawaunga mkono. Hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Hakuna aliyetamani kukuta uhai Mirihi kama yeye, lakini hakuuacha ushahidi dhaifu upite kwa sababu tu ulimfurahisha.

Maneno ya mwenzako si mageni. Harvard walimnyima ajira ya kudumu, akaenda Cornell. Mwaka 1992 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilikataa kumpa uanachama. Miaka miwili baadaye kikampa nishani kwa kazi yake ya kuwafikishia wananchi sayansi. Mtu huyo aliandika makala za kitaalamu zaidi ya 600!

Mwalimu_Fizikia
Asante sana mkuu. Hiyo ya kabonidayoksaidi nitamwomba mwenzangu aieleze mwenyewe mbele ya darasa. Je, kuna kitu cha kuwasikilizisha? Darasani nina spika, projekta sina.

Binti_wa_Bunia
Kipo, mwalimu. Mwaka 1977 Sagan aliongoza kamati iliyotengeneza santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, ikafungwa kwenye vyombo viwili vya anga vya Voyager. Ina salamu kwa lugha 55. Kiluganda kimo, Kinyanja kimo, hata Kisumeri ambacho hakina msemaji tangu zama za kale. Kiswahili hakimo, na mimi jambo hilo linaniuma hadi leo.

Lakini kwenye muziki wamo wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, huku kwetu Kongo, na wimbo wao wa unyago. Hauzidi dakika moja. Sauti zinapokezana, huyu anaanza kabla yule hajamaliza, mpaka hujui nani anaongoza. Umewekwa kwenye santuri moja na Bach na Beethoven, na hauwi mdogo hata kidogo.

Rekodi zake zinapatikana kwenye intaneti. Cheza kwanza salamu ya Kiluganda, kisha wimbo huo, bila kuwaambia ni nini. Waulize wanadhani vimerekodiwa kwa ajili ya nani. Wakishabishana, ndipo uwaeleze kwamba Voyager 1 ilitoka nje ya eneo la upepo wa jua, yaani chembechembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, mwaka 2012, na santuri hiyo ikiwa ubavuni.