Kukosa vipindi siku mbili tatu: fomu ya mtandaoni inatosha?

Mdadisi wa Nyuma

Wakuu, habari zenu. Naomba ufafanuzi kuhusu kutoa taarifa chuoni mwanafunzi anapokosa vipindi kwa siku chache, tuseme tatu, kwa ugonjwa au msiba. Sizungumzii kuahirisha muhula. Ndani ya siku hizo kuna kwizi ya darasani na maabara moja, halafu asaimenti inatakiwa kesho yake baada ya kurudi. Mfumo wa chuo una fomu ya "taarifa ya kutokuwepo". Ukishaijaza mambo yameisha? Na karatasi ya hospitali ni lazima hata kwa homa ya siku mbili?

Kalamu Nyekundu

Hayajaisha, na hapo ndipo wengi wanapoponzeka. Fomu inasema hukuwepo, basi. Haisemi kwizi yako ifanyweje. Kutoa taarifa ni jambo moja, kuomba nafuu ni jambo jingine, na hilo la pili linaamuliwa na mwenye kozi. Mwanafunzi akijaza fomu akanyamaza, wiki mbili baadaye anakuta sifuri, naye anashangaa kwa sababu "mfumo ulikubali". Mfumo hukubali karibu kila kitu.

Kabla ya kubonyeza "tuma" kagua vitu hivi. Kwanza kozi: ujumbe huenda kwa wahadhiri wa kozi ulizozitia tiki wewe mwenyewe, na kozi uliyoisahau haina habari zako. Kama kozi ina makundi, chagua kundi unalosoma, la sivyo taarifa inatua kwa mtu asiyekujua. Pili tarehe: mifumo mingi huhesabu siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na ina kikomo cha siku. Mtu anayeanza kuhesabu Ijumaa jioni, wakati kipindi cha kwanza alichokosa ni cha Jumatatu, amekula siku tatu bure. Tatu, soma masharti: vyuo kadhaa huruhusu fomu isiyo na ushahidi mara moja tu kwa muhula, na ikishatumwa hairudi.

Kwa sababu hiyo usiichome kwa muhadhara mmoja usio na alama. Fungua muhtasari wa kozi kwanza. Wahadhiri wengine hutoa kwizi kumi na kuchukua nane bora, kwa hiyo ya kwanza kukosekana ilishasamehewa tangu mwanzo wa muhula.

Asaimenti yako sasa. Tarehe yake iko nje ya siku ulizotangaza, kwa hiyo fomu haiigusi kabisa. Omba nyongeza ya muda kando, kabla saa ya kufunga haijapita, na utaje muda unaoutaka. "Naomba nifikiriwe" inamwachia mhadhiri kazi ya kukisia. Halafu andika saa kwa tarakimu za mfumo: "Alhamisi saa 6 usiku" mmoja ataielewa usiku wa kuamkia Alhamisi, mwingine wa kuamkia Ijumaa. "Alhamisi 23:59" haina mjadala.

Barua pepe itoke kwenye anwani ya chuo, iwe fupi, hivi:

*Kichwa: [msimbo wa kozi], kundi B: kutokuwepo tarehe 4 hadi 6, ombi kuhusu kwizi ya 3*

*Kwako Dkt. ___,*
*Mimi ni ___, namba ya usajili ___. Sitakuwepo darasani tarehe 4 hadi 6 kwa sababu ya ugonjwa. Fomu ya kutokuwepo nimeituma leo, namba yake ni ___.*
*Nitakosa kwizi ya 3 (tarehe 5). Naomba kuifanya siku nyingine, au utaratibu mwingine utakaouelekeza. Nitakuwepo kuanzia tarehe 7.*
*Pia naomba kukusanya asaimenti ya 2 tarehe 9, 23:59, badala ya tarehe 8.*

Inatosha. Dalili za ugonjwa hazihitajiki, na picha za dripu ndiyo kabisa, tafadhali. Kila kozi iandikiwe barua yake. Barua moja kwa wahadhiri watano, kila mmoja atadhani mwenzake ameshajibu.

Kumwambia kiongozi wa darasa si kutoa taarifa. Ujumbe wa simu pia unapotea, na siku ya rufaa hakuna wa kuutafuta.

Dawati la Mitihani

Naongezea kuhusu karatasi ya hospitali. Kwa ugonjwa mfupi vyuo vingi hupokea tamko la mwanafunzi mwenyewe. Uingereza, kwa mfano, utaratibu huo ni wa kawaida. Karatasi ya daktari hudaiwa siku zikipita kikomo, au kilichokosekana kikiwa na uzito mkubwa. Hivyo kwa homa ya siku mbili jibu liko kwenye kanuni za chuo chako, lakini uzito wa kwizi ndio wa kuangalia kwanza.

Karatasi inayopita ina tarehe daktari aliyokuona, tarehe ambazo hukuweza kuhudhuria, saini na mhuri. Jina la ugonjwa si lazima. Karatasi nyingi zinakwama kwenye tarehe. Ukienda hospitali umeshapona, daktari ataandika kwamba mgonjwa *anaeleza* aliumwa wiki iliyopita. Hiyo ni maelezo yako mwenyewe yaliyopigwa mhuri, na meza yetu huisoma hivyo. Kama siku hiyo kuna jaribio la alama nyingi, nenda ukaonwe siku hiyohiyo, hata kama unajua watakupa dawa ya maumivu tu.

Msiba: hakuna anayetegemea uwe na cheti cha kifo siku ya kwanza. Tuma fomu, andika "ushahidi nitauleta kufikia tarehe fulani", kisha itimize tarehe hiyo.

Mtihani wa mwisho hauingii kwenye fomu hii. Una utaratibu wake wa kuahirisha, na kwa kawaida unatakiwa uombe kabla ya kuingia. Baadhi ya vyuo vina kanuni kwamba ukishakaa kwenye mtihani umetangaza kuwa u mzima. Ukitoka humo huwezi kusema ulikuwa na homa. Kama hujiwezi usiingie "kujaribu bahati".

Na vyeti vya kughushi: ofisi huwasiliana na kituo cha afya kuthibitisha. Kwizi ya alama tano haistahili kesi ya nidhamu.

Mdadisi wa Nyuma

Nashukuru sana wakuu. Mhadhiri akisema alama za kwizi zitahamishiwa mtihani wa mwisho, nikubali? Na maabara je?

Benchi la Nyuma

Maabara usiiweke foleni moja na kwizi. Vifaa na kemikali hupangwa kwa jaribio la wiki hiyo, vikishaondolewa mezani hakuna atakayevirudisha kwa mtu mmoja. Kwa hiyo ombi la maana ni kuhamia kundi la siku nyingine *wiki hiyohiyo*. Muandikie mhadhiri, nakala kwa fundi sanifu wa maabara, maana yeye ndiye anayejua benchi lipi lina nafasi. Subiri jibu. Kujitokeza tu na koti lako ni kurudishwa mlangoni.

Ikishindikana, mara nyingi utapewa matokeo ya kundi jingine uyachambue na kuandika ripoti, ukikosa zile alama za utendaji. Idhini hiyo iwe kwa maandishi, na kwenye ripoti taja matokeo yametoka wapi. Kuchukua data za rafiki kimyakimya ni udanganyifu, hata kama ulikuwa kitandani kweli.

Angalizo moja: kipindi cha kwanza cha maabara huwa na maelekezo ya usalama. Ukikikosa, huenda usiruhusiwe kuingia cha pili mpaka uyapate. Hicho kifuatilie kwanza kuliko vyote.

Kalamu Nyekundu

Kuhusu kuhamisha alama, piga hesabu. Kwizi ya 10% ikihamia mtihani wa 50%, mtihani unakuwa 60%. Mtu ambaye angepata 80 kwenye kwizi na 55 kwenye mtihani anapoteza alama 2.5 za kozi nzima. Si nyingi, ila zinatosha kushusha daraja. Kwa hiyo ni sawa kuuliza kwa adabu kama kuna jaribio la fidia. Likiwepo, litakuwa na maswali tofauti na litapangwa haraka, pengine siku mbili baada ya kurudi, kwani wenzako wanasubiri masahihisho yao. Ukiomba wiki tatu za kujiandaa utakataliwa, na kwa haki.

Dawati la Mitihani

Jambo moja limesahaulika: asilimia ya mahudhurio. Kozi yenye maabara 12 na sharti la 80% inadai uhudhurie 10, una nafasi ya kukosa mbili tu. Kuna vyuo ambavyo siku zenye taarifa huondolewa kwenye hesabu, na vingine zinabaki kama hukuwepo, tofauti ikiwa tu huadhibiwi. Uliza kwa maandishi zako zinahesabiwaje, hasa kama uko kwa viza ya masomo au ufadhili wako unaangalia mahudhurio.

Kisha baada ya wiki moja ingia kwenye rekodi yako uangalie. Fomu na daftari la mahudhurio mara nyingi ni mifumo miwili isiyosomana, kuna mtu anayehamisha taarifa kwa mkono, naye huruka mistari. Ukikuta bado umeandikwa mtoro, mpelekee namba ya fomu na tarehe uliyoituma. Bila namba hiyo ataanza kukutafuta kwa jina, na majina yanafanana.