Naombeni ushauri: nifundisheje hoja ya kubana matumizi wakati baba yangu alipunguzwa kazi kwa hoja hiyo hiyo?

Mwalimu wa Kihesa

Habari za jioni wakuu. Nafundisha Uchumi kidato cha tano na sita, shule moja hapa Iringa. Mwezi ujao tuna mdahalo kati ya wanafunzi wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) na wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), na hoja ni hii: uchumi unapodorora, serikali kubana matumizi kunausaidia kuinuka. Vijana wangu wamepangiwa kutetea. Kazi yangu ni kuwaandaa washinde, na hapo ndipo ninapokwama.

Mwaka 1994 baba alikuwa karani wa ghala kwenye shirika moja la umma huko Mbeya. Siku moja alirudi saa nne asubuhi, baiskeli anaikokota, bahasha ya kaki iko mfuko wa shati. Mtaani kwetu walipunguzwa wengi siku ile. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni duka la pale kona. Mwenye duka alikuwa na daftari la mkopo, kila nyumba na ukurasa wake. Mwisho wa mwezi baba akilipa, ukurasa unapigwa mstari mwekundu. Baada ya ile bahasha kurasa zikawa zinajaa tu, mstari haupigwi. Akaacha kukopesha mafuta ya taa, halafu sukari, na kabla mahindi hayajakomaa akafunga duka akarudi kwao Ileje. Mtu huyo hakuwahi kuajiriwa na serikali hata siku moja.

Kila nikiandika hoja za kutetea, naliona lile daftari. Naombeni ushauri, niwaandae vipi bila kuwaambukiza uchungu wangu, na bila kuwafundisha kitu nisichokiamini?

Lumbesa

Pole sana mwalimu. Mimi nanunua viazi Njombe na Makambako napeleka Dar. Bei ikianguka napunguza: gari moja badala ya mbili, kijana mmoja wa stoo badala ya watatu. Nisipofanya hivyo nafilisika. Serikali nayo ni nyumba kama nyumba nyingine, haiwezi kula kuliko inachovuna. Waambie vijana wasimame hapo hapo, watashinda.

Mstaafu wa Soweto

Mdogo wangu Lumbesa, nimekuwa mhasibu wa serikali miaka 31, na hesabu hiyo niliiamini muda mrefu. Wewe ukipunguza peke yako unapona, kwa sababu wanunuzi wako bado wana mshahara. Wakipunguza wote kwa pamoja, na serikali nayo ikapunguza mwezi huo huo, viazi atanunua nani? Matumizi ya mmoja ndiyo mapato ya mwingine. Mwalimu, yule mwenye duka la kona ndiye somo lenyewe. Msimfiche.

Tazameni Ugiriki. Mwaka 2010 ilikwama, ikakopeshwa kwa masharti: kata mishahara, kata pensheni, ongeza kodi. Kufikia 2013 uchumi wake ulikuwa umesinyaa kwa takriban robo ukilinganisha na kabla ya msukosuko, na katika kila watu 100 wa nguvu kazi, 27 hawakuwa na ajira. Deni ndilo lililokusudiwa kupungua. Mwaka 2009 lilikuwa karibu asilimia 127 ya pato la taifa, baadaye likapita asilimia 170, tena baada ya wakopeshaji binafsi kusamehe sehemu mwaka 2012. Ukubwa wa deni tunaupima kwa kuligawanya kwa pato. Pato likiporomoka kuliko deni, mzigo unazidi ingawa umekaza mkanda mpaka tundu la mwisho.

Januari 2013 mchumi mkuu wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) wa wakati huo, Olivier Blanchard, pamoja na Daniel Leigh, walichapisha kazi iliyokiri kwamba makadirio yao yalikosea. Walidhani kila euro 1 inayokatwa itapunguza uzalishaji kwa kama senti 50. Hali halisi wakati wa mdororo ilikuwa kati ya senti 90 na euro 1.70. Nilipoisoma nilikaa kimya nusu siku. Ni maisha ya watu yale.

Fundi Tukuyu

Mimi si msomi wa uchumi, nasema nilichoshika kwa mikono. Wakati wa Uviko kazi zilikauka huku Rungwe, nyumba za watu zilisimama kwenye lenta. Mwishoni mwa 2021 zikaja fedha za madarasa, ule mkopo wa IMF, shilingi trilioni 1.3 kwa nchi nzima, madarasa 15,000, kila moja milioni 20, na kazi wapewe mafundi wa hapo hapo. Shule ya kijijini kwetu ilipata mawili.

Mvua ya Tukuyu mnaijua. Tulimwaga zege chini ya turubai, simenti tumeiinua juu ya matofali isiloe. Tulikuwa mafundi saba na vibarua kumi na moja. Kuna mama alianza kutuletea chai na ndizi za kuchemsha, sufuria moja. Wiki ya tatu ana sufuria nne na binti wa kumsaidia. Mwenye tanuri la matofali aliuza mpaka yale yaliyopasuka. Mimi niliezeka nyumba yangu, bati nikanunua mjini Mbeya. Ile milioni 20 ilipita mikono mingi kabla haijatulia.

Mnyalukolo

Fundi umesema kweli, lakini ulikuwa mkopo, na kuna aliyekubali kukopesha. Ngojeni niwaambie habari ya nchi isiyokopesheka.

Baada ya vita ya Kagera Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mkanda miezi 18. Ikawa miaka. Mwaka 1984 mama yangu alipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, akarudi na kipande cha sabuni tulichokigawa kwa uzi watu sita. Malori ya chai yalilala kwa kukosa tairi. Serikali ilikuwa inatumia kuliko inachopata, fedha za kigeni hakuna, bei zinapanda kama asilimia 30 kwa mwaka. Hapo ungeongeza matumizi uyaongeze kwa kitu gani? Ukichapa noti, unapandisha bei ya sabuni ambayo haipo. Mzee Mwinyi alipokubaliana na IMF mwaka 1986, bidhaa zilirudi madukani, nami niliona kwa macho yangu. Pole kwa baba yako mwalimu, naisema kwa moyo. Ila asiyekuwepo kwenye foleni ile asifikiri kulikuwa na njia laini pembeni.

Mstaafu wa Soweto

Mzee wangu Mnyalukolo, hapo sikupingi. Nchi isiyo na mkopeshaji na isiyo na dola inabanwa, itake isitake. Ninachoongeza ni kwamba kukata peke yake hakukutuinua. Ilibidi wakulima na wafanyabiashara waachiwe wauze, na madeni yasamehewe. Msamaha mkubwa tuliupata Novemba 2001, na kipindi hicho hicho ada ya shule ya msingi ikafutwa. Kati ya bahasha ya baba wa mwalimu na msamaha ule ni miaka saba. Miaka saba mtoto anamaliza darasa la saba, au hamalizi.

Mwalimu, vijana wako wasitetee hoja nzima nzima, wataumia. Watumie Ireland mwaka 1987, mfano ambao marehemu Alberto Alesina wa Harvard aliupenda: ilikata matumizi na ikakua. Ila wawe tayari kwa swali. Ireland ilikuwa imeshusha thamani ya pauni yake mwaka 1986, na jirani yake mnunuzi, Uingereza, uchumi wake ulikuwa moto. Kulikuwa na mteja nje. Ugiriki ilikuwa ndani ya euro, haikuwa na sarafu ya kushusha, na wateja wake nao walikuwa wanabana.

Mpakani Tunduma

Naongeza ya jirani. Zambia ilishindwa kulipa deni Novemba 2020, na Agosti 2022 IMF ikaidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.3. Waliondoa ruzuku ya mafuta, na sisi tunaovuka Nakonde tuliisikia kwenye nauli siku hiyo hiyo. Lakini mwaka huo huo wakaajiri walimu zaidi ya 30,000 na kufuta ada sekondari za serikali. Walikata huku wakaongeza kule. Wateja wangu wa vitenge mpaka leo wengi ni walimu wa upande ule, wanakuja mwisho wa mwezi. Vijana waulizane ni nini kinakatwa, maana ruzuku na mshahara wa mwalimu havifiki sokoni kwa njia moja.

Lumbesa

Mstaafu, nimelala na maneno yako. Kuna mwaka shule za bweni ninazozilisha zilicheleweshewa fedha, miezi minne sikulipwa. Gunia 60 zilichipua stoo, nikamwondoa kijana wangu. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili mpaka jana.

Mwalimu wa Kihesa

Wakuu, sina namna ya kuwashukuru. Nimeamua vijana watetee hivi: kubana kunasaidia pale ambapo hakuna tena wa kukukopesha, au una mteja nje wa kukubeba, na ukianza na mianya na ruzuku kabla ya kugusa mishahara. Foleni ya Mnyalukolo nitaiweka mbele kabisa, kwa sababu sikuwa nimewahi kuitendea haki. Habari ya daftari nitawapa wapingaji waitumie, ni yao kwa haki.

Leo jioni nimempigia baba. Nilitaka ruhusa tu ya kulisimulia duka. Kanyamaza kidogo, halafu akauliza mdahalo ni siku gani na nauli ya basi kutoka Mbeya siku hizi ni kiasi gani. Anasema ile barua bado anayo kwenye sanduku, atakuja nayo.