Tulilala kando ya mto msituni, tukaamka tumelowa ingawa mvua haikunyesha: tulikosea wapi?

Baba wa Wawili aliuliza:

Salaam ndugu zangu. Majuma mawili yaliyopita mimi na mke wangu tulilala usiku mmoja katika kambi ndogo iliyo kando ya mto, ndani ya msitu wa milimani. Kambi yenyewe ina nafasi sita tu za kupiga hema na choo kimoja cha shimo. Haina bomba la maji wala umeme. Tulikuwa wa kwanza kufika, tukachagua nafasi iliyo chini kuliko zote, juu ya mchanga laini, hatua kama kumi kutoka majini, kwa kuwa ilikuwa tambarare na ilipendeza mno.

Usiku ule mvua haikunyesha hata tone, nasi tulifunga madirisha yote ya hema kwa sababu ya baridi. Hata hivyo, tulipoamka alfajiri matone yalikuwa yananing'inia juu ya vichwa vyetu, na mifuko ya kulalia ilikuwa imelowa upande wa miguuni, pale ilipogusa ukuta wa hema. Wenzetu waliolala nafasi ya juu, karibu na miti, walituambia kwamba wao walilala pakavu na wala hawakusumbuliwa sana na baridi. Tunakusudia kurudi na watoto wetu, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 9. Je, hema letu limeharibika? Na ile nafasi ya mtoni, ambayo kwa kweli tuliipenda, inafaa kwa watoto?

Mkaa Milimani alijibu:

Ndugu, hema lako ni zima. Maji uliyoyaona yalitoka katika pumzi zenu wenyewe. Mtu aliyelala hutoa mvuke usiku kucha, na mvuke huo ukikutana na turubai lililopoa hugeuka matone. Mkiwa mmefunga kila tundu hauna pa kutokea, na hewa ya kando ya mto tayari ina unyevu mwingi kabla ninyi hamjaongeza wa kwenu. Dawa yake inaonekana kama kujitesa, lakini ndiyo hiyo: fungua matundu ya juu ya hema, acha na nafasi ya chini upande usiopigwa na upepo, kisha vuta vizuri kamba za turubai la nje ili lisigusane na lile la ndani. Laza kitambaa kikavu karibu na kichwa chako, upanguse matone mara uamkapo, kabla hamjaanza kujigeuza na kuyaangusha.

Kuhusu baridi, nafasi mliyochagua ilichangia sana. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, kwa hiyo usiku ulio mtulivu huteremka kwenye miteremko kama maji yanavyoteremka na kutuama bondeni, yaani palepale mlipolala. Wenzenu walikuwa juu kidogo ya hewa hiyo, tena matawi yalizuia joto la ardhi lisipotee lote angani. Kumbuka pia kwamba kwa wastani joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, hivyo usipime usiku wa mlimani kwa nguo zinazokutosha nyumbani. Kwa watoto, ongeza kwanza kitu cha kutandika chini kabla hujaongeza blanketi la juu, kwa sababu ardhi hunyonya joto la mwili, na mfuko wa kulalia uliokandamizwa na uzito wa mtu haubaki na hewa ya kumhifadhi. Naomba sana, baridi iwayo yote, asije mtu akaingiza jiko la mkaa wala la gesi ndani ya hema. Sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, nayo humwua mtu akiwa usingizini.

Mama Ukingoni alijibu:

Mwenzangu amekueleza habari ya unyevu, nami nakusihi ufikirie jambo zito zaidi. Ule mchanga laini na tambarare uliletwa na nani? Uliletwa na mto wenyewe, siku ulipopanda hadi pale.

Mwaka mmoja nililala mahali pa namna hiyo. Jioni tulisikia radi mbali sana, nyuma ya kilele, lakini juu yetu nyota zilikuwa zinaonekana. Kwa mazoea niliyofundishwa na mzee mmoja, nilichomeka kijiti penye ukingo wa maji kabla ya kulala. Saa tisa usiku niliamka kwa sababu sauti ya mto ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito na ya kukwaruza. Nilipomulika tochi, kijiti hakikuonekana, maji yalikuwa ya rangi ya udongo, na majani mabichi na vijiti vilikuwa vinapita kwa kasi. Tulihamisha mahema gizani, na kulipopambazuka maji yalikuwa yamefika tulipokuwa tumelala. Mvua iliyoyaleta haikutugusa sisi hata kidogo.

Kwa hiyo nafasi ya mtoni ifanyeni ya mchana: kaeni hapo, pikeni hapo, watoto wacheze mbele ya macho yenu. Usiku mpande juu. Mkiona maji yanachafuka au yanapanda, msingoje kuhakikisha. Pandeni mteremko moja kwa moja, wala msifuate njia ya kandokando ya mto, na msijaribu kuvuka. Maji ya kina cha sentimita 15 tu, yakienda kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto.

Baba wa Wawili:

Nawashukuru kwa dhati. Tukihamia juu, je, kulala chini ya miti hakuna hatari yake? Na maji ya mto ule ni maangavu sana. Tunaweza kuyanywa yalivyo?

Mchukua Kuni alijibu:

Miti ina hatari yake, ndiyo. Kabla hujatandaza hema, simama pale pale utakapolala, uangalie juu, tena kwa utulivu. Tawi kavu lililonaswa kati ya matawi mengine, au mti uliokufa ulioegemea mwenzake, huweza kuanguka hata pasipo upepo. Ukiona kimojawapo, sogea.

Maji msiyanywe yalivyo. Uangavu hauonyeshi vijidudu, na huko juu wanyama hunywa na kujisaidia mtoni. Yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika 1 kamili, na mkiwa juu ya mita 2,000 mfanye dakika 3, kwa kuwa kwenye kimo hicho maji hutokota yakiwa na nyuzi 93 hivi. Sabuni nayo isiingie mtoni, hata ile inayosifiwa kwamba haidhuru mazingira, maana inahitaji udongo ili ioze. Chukueni maji kwa ndoo, mkaoshee vyombo hatua 70 au zaidi kutoka mtoni, na kuyamwaga ardhini huko huko.

Naongeza jambo moja kuhusu watoto. Mngurumo wa mto unaotulaza vizuri ndio huohuo unaomeza sauti. Mtoto akiita akiwa mita chache tu kutoka kwako huenda usimsikie. Wekeni mpaka unaoonekana kwa macho, kama vile kamba au gogo, ambao hawauvuki bila mtu mzima, na kila mmoja avae filimbi shingoni.

Baba wa Wawili:

Nimezitazama tena picha za safari ile. Kando ya hema letu palikuwa na kichaka tulichokitumia kuanikia taulo. Sasa naona kwamba kwenye matawi yake, usawa wa kiuno changu, yamenasa majani makavu na vijiti vingi, vyote vimelalia upande mmoja, upande mto unakoelekea. Safari ijayo tutapiga hema juu, na hapo kwenye kichaka nitawaleta watoto mchana niwaonyeshe maji yalipofika.