Shule zetu za Lubumbashi zinawanyima finalisti, watoto wa mwaka wa mwisho wa sekondari, nafasi ya chuo kikuu kabla hata Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haijafika. Imetosha!

Wandugu, nina hasira na sitaficha.

Mdogo wangu yuko kalasi ya sita ya sekondari, upande wa sayansi. Tangu Septemba shule nzima ina neno moja mdomoni: Exetat. Mazoezi ya items (maswali ya kuchagua jibu), pesa ya kushiriki, maandalizi ya hors-session (sehemu ya mtihani inayotangulia), basi. Ni kweli, bila Exetat hakuna diploma ya serikali, na bila diploma hakuna unif, yaani chuo kikuu. Nani asiyejua? Lakini prefe (mkuu wa shule), walimu, kamati ya wazazi, hakuna hata mmoja aliyewakalisha watoto hawa akawauliza: ukimaliza unataka kwenda wapi, kusoma nini, na huko wanadai karatasi gani?

Mtu ataniambia tungoje matokeo kwanza. Kwa unif za hapa nyumbani hiyo inaweza kupita, ingawa nayo ni mateso. Matokeo yakitoka tu, mji mzima unakimbilia Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Watoto wamesimama juani na bahasha mkononi, wanaulizana wao kwa wao: wanataka buletini, ile ripoti ya alama, ya kalasi ya tano na ya sita? Cheti cha kuzaliwa? Picha ngapi? Mwenye kukosa buletini ya tano anarudi shuleni anakuta mlango umefungwa, likizo kubwa, prefe amesafiri. Hayo yote yangeweza kutayarishwa mwezi wa tatu, mtoto akiwa bado ndani ya darasa.

Kwa anayetaka kwenda nje ndipo ninaposhindwa kabisa kunyamaza. Ufaransa, kwa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu cha umma, maombi yanayopitia Campus France, shirika la Ufaransa la wanafunzi wa kigeni, kwa kawaida hufungwa katikati ya Desemba. Marekani, fomu ya Common App inayotumiwa na vyuo vingi hufunguliwa 1 Agosti. Vyuo vingi hufunga maombi ya mapema mwanzoni mwa Novemba, na ya kawaida karibu na 1 Januari. Sasa pigeni hesabu. Exetat yenyewe inakuja mwisho wa mwaka wa masomo. Mtoto aliyeambiwa "ngoja matokeo" anapata diploma yake wakati milango ile ilishafungwa miezi mingi nyuma, na vyuo vile vilikuwa tayari kumpokelea ombi akiwa bado mwanafunzi, diploma ifuate baadaye. Mwaka mzima umekwenda hivyo!

Na maombi yale si ya kuandika usiku mmoja. Kuna insha ya maneno yasiyozidi 650 ambayo mtoto anajieleza mwenyewe. Kuna barua ya mwalimu anayemfahamu. Kuna alama za miaka iliyopita, na zetu ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo Marekani inabidi zitafsiriwe. Kuna mtihani wa Kiingereza kama TOEFL, unaolipiwa kwa dola. Mzazi anayepata pesa kidogo kidogo anahitaji kujua hayo mtoto akiwa kalasi ya tano, ili aanze kuweka akiba.

Basi sikilizeni yaliyotupata. Mwezi wa kumi tulienda shuleni kuomba nakala za buletini za miaka iliyopita, zenye muhuri. Karani akasema hazitoki mpaka minerval (karo) yote ya mwaka ilipwe hadi Juni. Tulikuwa tumelipa kila kilichodaiwa mpaka siku ile, risiti tunazo. Tukapanda kwa prefe. Jibu lake: "Mutoto hajapata diploma, munatafuta unif ya nini? Mungoje matokeo." Mwalimu wa fizikia, Mungu ambariki, aliandika barua nyumbani kwake, kwa mkono, ukurasa mzima. Ameeleza jinsi mtoto alivyokuwa akiwafundisha wenzake saketi za umeme kwenye ubao pale mwalimu anapochelewa. Barua nzuri sana. Prefe akakataa kuigongea muhuri, eti mwalimu hana ruhusa ya kuandika kwa jina la shule. Mwishowe muhuri ukapatikana tulipotoa "pesa ya karatasi", bila risiti. Tarehe ya chuo alichokitaka zaidi ilikuwa imepita.

Buletini ni alama za mtoto! Amezipata kwa jasho lake, na miaka ile wazazi walishailipia. Kwa nini zifungiwe kabatini kama rehani?

Shule za pesa nyingi hapa mjini zina mtu wa kuwaongoza watoto katika mambo haya. Mtoto wa mitaa yetu ya Katuba au Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi) mwenye akili ileile hana wa kumwambia hata tarehe. Sidai ofisi mpya. Nadai mkutano mmoja wa wazazi wa kalasi ya tano kabla ya likizo kubwa, buletini zenye muhuri mikononi mwa watoto kabla ya Oktoba kuisha, na mwalimu akitaka kumwandikia mwanafunzi wake barua asizuiwe.

Wenye watoto kalasi ya sita, hapa na kule Goma na Bukavu: shule yenu inatoa buletini mapema, au nanyi mnauziwa muhuri? Andikeni mlilipishwa kiasi gani. Kamati yetu ya wazazi inakutana mwezi huu na ninataka kuingia na majibu yenu mkononi.