Gari la kufunguka paa huku Nakuru, Kisumu na Magharibi: tupeane uzoefu

Upepo wa Menengai (Nakuru)

Wadau, nina Mazda Roadster, ile inayoitwa MX-5 kwingineko, toleo la pili, ya mwaka 2001. Niliinunua ikiwa na namba za Kenya tayari. Kila nikisimama kujaza mafuta naulizwa inakimbia kiasi gani. Hapa Nakuru haikimbii sana. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani kisukuma hewa, hupoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu zake kabla hujakanyaga mafuta. Probox iliyojaa kabeji imewahi kunipita mlima wa Salgaa na dereva akanipungia mkono.

Ninachotaka tuongee ni vitu vinavyoziua gari hizi huku kwetu. Mimi naanza na maji. Nyuma ya viti, pale hema (paa la kitambaa) linapokunjikia, kuna tundu mbili, moja kila upande, za kupitisha maji ya mvua hadi chini ya gari. Vumbi letu la Januari na Februari, pamoja na maua ya jakaranda kwa wanaoegesha chini ya miti, huziziba. Mvua za Aprili zikija maji hayana pa kwenda. Yanaingia kwenye boksi la chuma chini ya mlango na kulila kutoka ndani. Ukitazama nje rangi inang'aa, lakini gonga mbele tu ya gurudumu la nyuma usikilize mlio wake.

Kwa hivyo ukienda kuangalia gari, beba chupa ya maji na tochi. Mimina polepole upande mmoja, inama utazame chini, kisha upande wa pili. Yasipotoka, inua kapeti unuse. Na ukizibua, tumia kamba laini au mpira mwembamba, usitumie waya. Waya hutoboa bomba na hapo umejiongezea kazi.

Wenye gari za aina hii semeni mlinunua vipi, nani anawatengenezea, na nyumbani wanasemaje.

Nyar Dunga (Kisumu)

Hamjambo nyote. Mimi nina Toyota MR-S ya gia za mkono. Kaka Upepo, maji ni kweli, lakini mimi nilianza na swali la spea. Injini ya MR-S ni 1ZZ-FE, ile ile iliyo kwenye Premio, Allion na Wish za 1.8 za toleo la kwanza. Filta, plagi, koili, sensa, vyote navipata hapa mjini bila kupigia mtu wa Nairobi simu. Tofauti ni kwamba injini imekaa nyuma ya viti. Fundi wangu wa Kibuye alipofungua boneti mara ya kwanza akakuta gurudumu la spea, aliniuliza kama gari imeibiwa injini.

Ugonjwa wake ni huu. Zile za miaka ya kwanza, 1999 hadi karibu 2002, hula oili. Pistoni zake zina vijitundu vidogo mno vya kurudisha oili, vikiziba ringi zinakwama. Halafu ndani ya manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotokea kwenye injini, kuna vichujio vidogo vya kauri. Vikianza kumomonyoka, unga wake hurudi ndani ya silinda na kukwaruza kuta. Wenye akili huvitoa mapema. Muulize muuzaji kama vilishatolewa. Akikujibu "vichujio gani tena?", usiondoke bado, lakini bei iteremke. Na uchomoe kijiti cha oili kabla injini haijawashwa, maana wengine huongeza asubuhi ya siku ya mnunuzi.

Ile ya SMT, isiyo na klachi ya mguu, niliikataa hata kabla ya kuiendesha. Inabadilisha gia kwa pampu ya haidroliki, na hapa Kisumu sijampata fundi anayetaka kuigusa.

Raha? Asubuhi kabla ya saa mbili na jioni baada ya saa kumi. Katikati hapo jua la Kisumu hukaa juu ya utosi na viti vya ngozi nyeusi vinakuchoma hata ukiwa na suruali ya jinsi. Jioni nayo ina wadudu wa ziwani. Ukipita Dunga paa likiwa wazi huku unacheka na mwenzako, umeshakula chajio.

Mkwe wa Vihiga (Kisumu)

Mimi nina BMW Z4 ya 2005, iliyotoka Uingereza. Dada Nyar, wewe una bahati, yangu hema linafunguka kwa umeme na haidroliki. Pampu yenyewe wajerumani wameiweka chini kabisa ya shimo lile lile analosema Upepo, pale maji yanapotuama tundu ikiziba. Pampu ikizama, hema linabaki lilivyo. Langu lilibaki wazi nusu, Kericho, mchana, na Kericho mnaijua kwa mvua ya mchana. Siku hizi pampu nimeihamishia ndani ya buti, kazi ambayo wenye Z4 wengi duniani huifanya, na tundu nazisafisha kila kabla ya msimu wa mvua. Gari ya kutoka Uingereza pia itazamwe chini kwa makini. Kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi na chuma hawapatani.

Lakini hayo ni ya fundi. Mimi nataka kuongea kuhusu viti viwili.

Wakwe zangu wako Vihiga. Mnajua desturi zetu Waluhya: mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega. Hata kusalimiana kwa mkono, kwa wazee wetu, ni jambo. Kwenye gari ya kawaida mama hukaa nyuma, mambo yakaisha. Sasa siku moja tuko huko, mama mkwe ana miadi ya kliniki Mbale, gari iliyo uani ni yangu peke yake, viti ni viwili na katikati ni gia tu. Mzee akatazama gari, akanitazama mimi, akasema, "Sasa hii mlinunua ya watu gani?"

Ikabidi mke wangu aendeshe na mama yake, mimi nikafuata kwa bodaboda. Mvua ikanipata Chavakali. Wao walikuwa wamefunga hema, wako kavu, wananisubiri kliniki. Mama mkwe aliipenda ile gari. Tangu siku hiyo ananiuliza habari zake kupitia kwa binti yake.

Upepo wa Menengai

Mkwe, nimecheka hadi mtoto amekuja kuangalia. Lakini ni kweli. Gari kama hii iwe ya pili nyumbani. Matanga yakitokea ushago, hutabeba sufuria, wala mahindi hutarudi nayo.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Vijana, mnatumia nguvu nyingi. Mimi nina Daihatsu Copen, injini ya cc 659 yenye tabo. Upepo amesema jambo la mwinuko na sikumwona mtu akilifuata. Tabo husukuma hewa ndani ya injini, kwa hivyo huku juu kigari changu hakichoki kama zenu. Kina urefu wa chini ya mita tatu na nusu na uzito wa kilo 830 hivi, na paa lake ni la chuma, linajikunja lenyewe kwa umeme hadi ndani ya buti. Paa likiwa ndani, buti linabeba gazeti.

Faida ya paa la chuma mtu wa mjini haioni. Paka halali juu yake akalitoboa kwa kucha, na mwenye wembe hana cha kukata. Hasara ni kwamba lina mota, haidroliki, swichi na nyaya, na kimoja kikikwama vyote vinasimama. Mnunuzi alifungue na kulifunga zaidi ya mara moja, injini ikinguruma, asikilize kama linasita.

Adui yangu mimi ni matuta. Barabara ya Kakamega hadi Kisumu kila soko lina lake, na mengine wananchi wamejijengea wenyewe usiku. Ninayapanda mshazari, gurudumu moja moja, taratibu kabisa. Matatu nyuma hupiga honi. Ninawaacha wapige, nimefundisha darasa la nane kwa miaka mingi, kelele hainisumbui.

Fundi Hema (Nakuru)

Nashona viti vya gari na turubali za lori hapa Nakuru, na mahema ya gari hizi yananijia. Watu wanaharibu wenyewe. Wanakunja hema likiwa limelowa, linakaa hivyo siku mbili, linaota ukungu na kunuka. Wanapeleka gari kuoshwa kwa mashine ya presha, mwosha anaelekeza bomba kwenye mshono. Osha kwa mkono, sabuni nyepesi, brashi laini.

Roadster ya kwanza kabisa, ile ya taa za kuinuka ya 1989 hadi 1997, dirisha lake la nyuma ni la plastiki. Kabla ya kukunja fungua zipu ya dirisha kwanza ulilaze. Ukikunja nalo linavunjika, hasa asubuhi za baridi, watu wa Molo mnanielewa. Toleo la pili likaja na kioo.

Na usiache kitu chochote kwenye kiti. Wateja wangu wengine wanaacha mlango bila kufunga makusudi. Heri mwizi afungue mlango akute hakuna kitu kuliko akate hema. Kiraka naweza kushona lakini kitaonekana tu.

Kijana wa Sosiani (Eldoret)

Mimi nataka kuagiza Japani moja kwa moja, Roadster hizi mpya. Itawezekana?

Upepo wa Menengai

Inawezekana, kwa sharti la umri. Gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza haipiti, na usukani lazima uwe kulia. Ndiyo maana zetu za zamani huzipati ila kwa mtu aliye nazo hapa nchini. Toleo la sasa lilianza 2015. Lenye hema la kitambaa, Japani kwa kawaida linauzwa na injini ya 1.5, na lile la paa gumu, RF, lina ya 2.0.

Hapo kodi inabadilika. Ushuru wa forodha ni asilimia 35 kwa zote. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500, na 25 kwa hii ya 2.0. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 inapigwa juu ya jumla hiyo, kisha kuna ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Kwa thamani ya forodha ya shilingi milioni 1, ya 1.5 utalipia kodi ya karibu laki tisa na elfu ishirini, na ya 2.0 itavuka milioni kidogo. Ila thamani yenyewe si ile uliyolipa Japani. KRA, mamlaka ya ushuru, huanza na bei yake ya gari jipya na kuipunguza kwa umri, kwa hivyo pata hesabu hiyo kabla hujatuma hela.

Mimi ningechukua ya hema. Unalifungua kwa mkono ukiwa umeketi, halina mota ya kufa.

Mkwe wa Vihiga

Ongeza na bima. Kampuni nyingi gari ikishazeeka hazitaki kuipa bima kamili, zinakuachia ile ya mtu wa tatu. Tafuteni bima kabla ya kulipia gari. Na wale wanaokodisha kubeba maharusi wikendi, someni karatasi yenu. Bima ya matumizi binafsi hailipi gari ikiwa kazini kwa malipo. Mimi nimeombwa sana harusi za Milimani na Riat, nakataa, isipokuwa za ndugu.

Nyar Dunga

Za ndugu ndizo nyingi zaidi, shemeji.

Kijana wa Sosiani

Asanteni. Na nikipata, nitaipeleka wapi kuijaribu? Njia za huku zimejaa malori.

Mwalimu Mstaafu

Wewe uko Eldoret na unauliza? Nenda Iten, ushuke Tambach hadi bonde la Kerio, uvuke mto pale Cheploch ambapo vijana huruka majini, upande Kabarnet. Lami, kona juu ya kona, malori machache. Jaza mafuta Iten. Kushuka Tambach weka gia ya pili au ya tatu, injini ikushikilie. Ukiteremka kwa breki tu zitanuka kabla hujafika Biretwo, na hapo usubiri zipoe kabla ya kuendelea. Iten utaanza na jaketi, chini bondeni utaivua, kwa hivyo usiipakie kwenye buti kama paa lako linaingia humo. Mbuzi wa bondeni hulala barabarani kwenye kona, na hawahami kwa honi.