Mafundi wa kabati za CNC, kelele za umeme mnazifunga wenyewe halafu mnatuuzia kadi mpya!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka kufungua kabati la umeme la mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, lililofungwa upya na watu wanaojiita wataalamu, na hasira bado ziko juu.

Dalili zenyewe kila mtu wa karakana anazijua. Spindo, yaani mhimili unaozungusha kifaa cha kukatia, ikiwa imezimwa, mashine inatembea bila shida. Iwashe tu, alamu ya limiti, ya kuonya meza imefika mwisho wa njia yake, inalia wakati meza iko katikati kabisa, haijagusa kitu. Siku nyingine hakuna alamu yoyote ila kazi inatoka imehama robo milimita, na lawama zote anabebeshwa opereta. Tukawaita. "Kadi ya kontrola, ubongo wa mashine, imechoka, nunueni nyingine." Ikanunuliwa, tatizo likabaki pale pale. Wakarudi: "Basi ni swichi za limiti." Zikabadilishwa. Sasa wanaisingizia programu!

Kwa macho kabati linavutia, hilo siwanyimi. Waya zimenyooka, kila ncha ina lebo, tai za plastiki zimebana kila baada ya inchi chache. Na unadhifu huo ndio ugonjwa. Kebo inayotoka kwenye inveta (kifaa kinachoendesha mota na kubadili kasi yake) kwenda mota ya spindo imefungwa tita moja na waya za limiti na kebo ya enkoda, kihisi kinachoiambia kontrola mota imezunguka kiasi gani, kutoka chini mpaka juu. Jamani! Inveta ya fezi tatu, volti 400, ina zaidi ya volti 500 za DC ndani yake, na inazikatakata maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mkato unapanda na kushuka ndani ya muda usiofika mikrosekunde moja. Waya wowote unaolala sambamba na kebo hiyo unaambukizwa mawimbi ya umeme yasiyotakiwa, ndiyo kelele ninayoisema, kisha kontrola inaisoma kelele hiyo ikidhani swichi imeguswa. Kebo za nguvu zipewe tranki (mfereji wa kupitishia waya) yake, za mawimbi madogo zikae mbali, sentimita 20 au 30. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe ya digrii 90. Hapo hakuna cha kununua, ni kupanga tu.

Lakini kilichonitoa jasho ni wavu wa shaba wa kebo ya mota, ule unaozizunguka waya za ndani ili kelele isitoke nje. Kebo ni nzuri, ya bei, yenye wavu kamili. Fundi kauchana, kausokota ukawa mkia wa urefu wa kiganja, kauzungushia tepu nyeusi, kisha kauvika kishikizo na kuukaza kwa skrubu juu ya bati lililopakwa rangi. Nikaweka multimita kati ya kishikizo na bati tupu la pembeni: mara inasoma, mara haisomi. Yaani mnanunua kebo ya wavu, halafu wavu mnauning'iniza kwenye rangi?

Na hata kama rangi ingekwanguliwa, mkia ni mkia. Waya wa kawaida una indaktansi, yaani tabia ya kuupinga umeme unaobadilika haraka, ya karibu mikrohenri 1 kwa kila mita. Kwenye megahezi 10, ambako kelele za inveta zinafika bila shida, mita moja inakuwa kizuizi cha omu 60 na ushee. Mkia wa sentimita 10 tayari ni omu 6, wakati multimita yako inakuonyesha sifuri na wewe unatabasamu. Dawa yake ni klampu ya chuma inayoukumbatia wavu mzunguko mzima, moja kwa moja juu ya bati lisilo na rangi, upande wa inveta na upande wa mota vilevile. Kwa waya za analogi zenye mawimbi madogo, kawaida wavu hufungwa upande wa kabati peke yake. Msichanganye.

Filta, kifaa cha kuchuja kelele kwenye waya za umeme, ilikuwepo. Nikafurahi kidogo, mpaka nilipoona waya zinazoingia na zinazotoka zimebanwa kwa tai moja. Kelele haina haja ya kupita ndani ya filta wakati mmeijengea daraja pembeni!

Kontakta na rilei, swichi zinazovutwa na koili ya umeme, nazo hazina ulinzi wowote. Koili ikikatiwa umeme inarusha mshtuko wa mamia ya volti. Kwenye koili ya DC weka dayodi, katodi upande wa chanya. Kwenye koili ya AC weka rezista na kapasita mfululizo, sambamba na koili, na ole wako uweke dayodi huko. Vitu vya bei ya kutupa, ila havionekani kwenye picha ya kumtumia mteja, ndiyo maana vinarukwa.

Kuna mwerevu mwingine kati yao alipendekeza tukate ethi ya mota, waya wake wa kwenda ardhini, "ili kelele isirudi". Huyo asiruhusiwe kushika bisibisi. Ethi ya mota ndiyo inayomwokoa opereta siku insulesheni ikipasuka, waya wa kijani na njano haukatwi kwa sababu yoyote ile.

Nimewatumia picha za mkia na za tita. Majibu yao ya leo: tuchimbe ethi mpya nje, ya mashine hii peke yake, isigusane na ya jengo. Mita 10 za waya kwenda kwenye fimbo iliyoko ardhini ni zaidi ya omu 600 kwa kelele ile ile, na ethi mbili zisizounganishwa ni hatari ya kuua mtu. Sichimbi. Waje na klampu na msasa, waondoe rangi yao, wafumue tita lao, na pesa ya kadi warudishe.